Vikorokoro vya Kuning'iniza Kwenye Pochi: Kumbe ni Mambo ya Kitambo!

Wadada wa mjini, ile klipu mnayoifunga kwenye pochi ikabeba funguo, sanitaiza na lipstiki huku mikono ipo huru, wala si ya juzi. Uingereza ya karne ya 19 waliiita chatelaine, neno la Kifaransa la mama mwenye kasri. Yao ilikaa kiunoni: kibanio cha fedha au chuma, minyororo inashuka na mkasi, saa, kikasha cha sindano, penseli, kijitabu. Akitembea, vinagongana kama njuga! Mwaka 1849 jarida la vichekesho la Punch likamchora mama aliyening'iniza mpaka watoto.

Ila habari yenyewe ilikuwa funguo. Aliyezivaa ndiye bosi wa stoo na kabati la chai. Mtumishi akizisikia tu, anajipanga. Sasa cheki hii: mke huyo anatembea na funguo za nyumba nzima, lakini kisheria karibu kila kitu ni cha mumewe. Mpaka sheria ya 1882 ndipo akaruhusiwa kumiliki mali kwa jina lake mwenyewe. Baadaye mitindo ikabadilika, pochi ikashika chati, vikorokoro vikahamia huko.