Msitu wa Buhaya uliishia tanuruni

Msikilizaji, ukitoka Hamugembe kuelekea Kemondo hadi Muleba, unapita migomba, kisha nyasi tupu za rweya, halafu migomba tena. Wengi tunadhani nchi iliumbwa hivyo. Sivyo. Zamani sehemu kubwa ya ukanda huu wa ziwa ilikuwa msitu.

Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wahunzi waliyeyusha chuma Katuruka, upande wa Maruku, na pia Kemondo. Mwanaakiolojia Peter Schmidt kutoka Marekani alichimba huko miaka ya 1970, akakuta mabaki ya tanuru, mirija ya udongo ya mivukuto na mkaa. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tanuru kama za mababu. Kwanza walichoma matete ya kinamasi ndani ya shimo lake, kisha wakaweka mawe ya chuma na mkaa.

Chuma kilitaka mkaa, na mkaa ulitaka miti. Shoka na jembe navyo vikarahisisha kufyeka mashamba. Udongo ulipobaki wazi, mvua kubwa za ziwani zikaondoa rutuba.

Lakini mababu walijenga pia. Walikata nyasi za rweya, wakazitandaza kibanjani pamoja na samadi ya ng'ombe, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana kibanja kina udongo mweusi, na rweya iliyo hatua chache tu ni maskini.

Kwa hiyo kibanja ulichorithi ni kazi ya mikono. Ukiacha kukitandazia nyasi na kukitilia samadi, nacho kitarudi kuwa rweya.