Nepi za watu wazima: Usinunue kwa kukisia

WATU wengi wanaoshindwa kuzuia mkojo hununua nepi zao kwa siri na kwa haraka. Mnunuzi huinamisha kichwa mbele ya mhudumu wa duka la dawa, hutaja neno “kubwa”, hulipa na kuondoka. Matokeo huonekana usiku au safarini: mkojo hupenya pajani, shuka hulowa, na mzee ambaye hakukosa kanisani au msikitini kila wiki huanza kutafuta visingizio vya kubaki nyumbani. Aghalabu lawama zote huelekezwa kwa nepi, ilhali hakuna aliyeipima wala aliyempima mvaaji.

Ieleweke kwanza kwamba kutokwa na mkojo bila hiari ni dalili, si maradhi yenyewe, wala si sehemu ya lazima ya uzee. Huweza kuletwa na kiharusi, kisukari, kuvimba kwa tezi dume, jeraha la uti wa mgongo, maradhi ya kupoteza kumbukumbu au kulegea kwa misuli ya nyonga baada ya kuzaa. Baadhi ya visa hivi hutibika, na vingine hupungua kwa mazoezi ya misuli hiyo. Mwanamke anayevuja mkojo mchana kutwa na usiku kucha baada ya uchungu wa uzazi uliochukua muda mrefu huenda ana nasuri, ambayo wengi huiita fistula. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji, si pakiti ya nepi. Nayo hali inayozuka ghafla ikiandamana na miguu kulegea au ganzi kati ya mapaja ni ya dharura, na mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Damu katika mkojo, homa na maumivu pia havifai kufunikwa kwa nepi.

Baada ya hapo ndipo swali la kuchagua linapofuata. Madukani mna aina tatu kuu. Kuna pedi zinazowekwa ndani ya chupi ya kawaida, ambazo humfaa anayevuja kidogo anapokohoa, kucheka au kuinua mzigo. Kuna zile zinazovaliwa kama chupi, zinazomfaa mtu awezaye kusimama na kwenda msalani mwenyewe. Halafu kuna nepi kamili zenye vibandiko pembeni. Hizi ndizo humfaa aliyelala kitandani, kwa kuwa anayemuuguza huweza kumgeuza ubavu na kumbadilisha bila kumvua suruali wala kumwinua. Kumvisha mzee anayetembea nepi ya mgonjwa wa kitandani ni kumpokonya uhuru aliobaki nao.

Ukubwa ndio chanzo cha uvujaji mwingi. Wanunuzi wengi huamini kwamba nepi kubwa hubeba mkojo mwingi zaidi, hivyo mtu mwembamba huvishwa saizi ya mtu mnene. Nepi pana huacha mwanya pajani, na mkojo hupita papo hapo hata kama pamba ya katikati ingali kavu. Chukua utepe wa kupimia wa fundi cherehani, upime kiuno, kisha upime nyonga mahali palipo panene zaidi. Kati ya vipimo hivyo viwili, tumia kilicho kikubwa, ukilinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye pakiti. Usitegemee herufi ya saizi, kwa sababu saizi ya kati ya kiwanda kimoja yaweza kuwa kubwa ya kingine. Lastiki ya pajani iguse ngozi bila kuikata. Ikiacha alama nyekundu isiyofifia, nepi inabana.

Maandishi kuhusu uwezo wa kufyonza yanahitaji jicho pevu. Yale matone yaliyochorwa kwenye pakiti ni kipimo cha kila kiwanda kwa bidhaa zake chenyewe, na matone sita ya huyu si lazima yawe sawa na sita ya yule. Hata mililita zinazotajwa zaweza kupotosha. Kipimo cha kimataifa cha ISO 11948-1, kilichochapishwa mwaka wa 1996, huzamisha nepi nzima ndani ya kiowevu, huiacha ichuruzike, kisha huipima uzito. Jibu linalopatikana ni la nepi iliyolowa kila pembe. Binadamu hakojoi hivyo. Mkojo humiminika mahali pamoja na kwa kasi, naye mwenyewe ameketi au amelala akiikandamiza. Kwa hiyo nepi iliyoandikwa mililita 2,000 yaweza kuvuja kabla ya kufikisha hata nusu ya kiasi hicho.

Njia ya kuaminika zaidi ni kujaribu nyumbani. Nunua pakiti ndogo, au uombe nepi moja moja za aina mbili tatu pale muuzaji anapokubali kuzipunguza. Jaza maji ya vuguvugu katika chupa ya soda ya nusu lita, kiasi kinachokaribia ujazo wa kibofu cha mtu mzima, kisha ukoroge ndani yake kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi hiyo si mzaha. Ndani ya nepi za kisasa mna chembechembe zinazogeuka jeli zikilowa. Hizo hufyonza maji safi mara mia kadhaa ya uzito wao, lakini maji yenye chumvi kama mkojo huyafyonza mara makumi tu. Anayejaribu kwa maji matupu hujidanganya.

Tandaza nepi, mimina nusu ya maji hayo kwa mkupuo katikati, na utazame kama yanazama upesi au yanakimbilia kingo. Subiri dakika kumi, mimina yaliyobaki, subiri tena. Sasa weka karatasi shashi juu yake na uikandamize kwa kiganja. Karatasi ikitoka imelowa chepechepe, ngozi ya mvaaji nayo italowa vivyo hivyo. Chunguza pia kama pamba imejikunja madonge, na kama vibandiko vinashika tena baada ya kufunguliwa.

Sasa tuje kwenye bei. Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiolenga duka lolote. Nepi ya Sh60 inayohimili saa tatu huhitaji kubadilishwa mara nane kwa siku, yaani Sh480. Ile ya Sh100 inayohimili saa sita huhitaji nne, yaani Sh400. Kwa siku 30 tofauti ni Sh2,400, na mgonjwa ameamshwa mara chache usiku. Inayopimwa ni gharama ya saa moja ya ukavu, si ya kipande kimoja. Lakini haja kubwa haisubiri saa: nepi hubadilishwa mara moja.

Gharama hizi si jambo dogo kwa familia. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza ushuru wa mazingira uliogusa nepi, kabla ya Rais William Ruto kutangaza mnamo Juni 26, 2024 kwamba hangeutia sahihi. Kelele nyingi wakati huo zilihusu sodo na nepi za watoto. Wazee na watu wenye ulemavu, ambao hutumia nepi miaka nenda miaka rudi, walitajwa kwa nadra.

Hata nepi bora huharibiwa na matumizi mabaya. Kuvaa mbili kwa pamoja hakusaidii, kwa sababu plastiki ya nje ya ile ya kwanza huzuia mkojo usifike ya pili. Mafuta mazito ya kujipaka huziba uso wa nepi. Tabaka jembamba latosha, na poda iachwe kabisa. Ngozi isafishwe kwa maji na sabuni isiyo kali, kisha ikaushwe kwa kuguswaguswa, si kusuguliwa. Kwa mwanamume, uume uelekezwe chini kabla ya kufunga vibandiko, la sivyo mkojo utapanda kiunoni. Wala mgonjwa asinyimwe maji ya kunywa ili kuokoa nepi, kwani mkojo mzito huwasha kibofu na kumfanya ahisi haja mara kwa mara.

Anayemuuguza mzazi wake achunge pia ulimi. Mama au baba mwenye akili timamu hafai kutangaziwa mbele ya wajukuu kwamba wakati wa “pampasi” umefika. Mlango ufungwe, shuka imfunike sehemu zisizohudumiwa, na aelezwe kinachofanyika kabla ya kuguswa.

Nepi iliyotumika isitupwe ndani ya choo cha maji, kwa kuwa huvimba na kuziba mabomba, wala shimoni, ambako plastiki yake haiozi. Kinyesi kitolewe kwanza kimwagwe chooni, nepi ikunjwe kwa ndani na kufungwa kwa vibandiko vyake vyenyewe, kisha izongwe kwa gazeti kuukuu na kutiwa ndani ya pipa lenye kifuniko.