Limbiko, Kulimbua na Malimbikizo: Istilahi Tatu za Mfumaji

Wafumaji wanaozungumza Kiingereza wana neno moja fupi, stash, kwa nyuzi zote ambazo mtu amezinunua na bado hajazifuma. Uzi ulio kwenye sindano hauhesabiwi humo, wala bidhaa ya dukani inayongoja mnunuzi. Zinazohesabiwa ni nyuzi za mtu binafsi, zilizojaa kabatini, uvunguni mwa kitanda na ndani ya masanduku. Nyingine zilinunuliwa kwa kuwa rangi ilipendeza, nyingine kwa kuwa bei ilishuka, nyingine kwa kuwa safari ilimpitisha mwenyewe kwenye duka asilotegemea kuliona tena. Ravelry, mtandao wa wafumaji ulioanzishwa Marekani mwaka 2007, umezitengea nyuzi hizo daftari maalumu: kila mwanachama anaweza kuorodhesha alizonazo, pamoja na uzito, urefu na rangi. Neno la utani limekuwa istilahi ya kazi, na mwandishi wa Kiswahili anayeandika kuhusu ufumaji hawezi tena kulikwepa.

Asili yake haina heshima. Liliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 18 kama kitenzi cha wezi, likiwa na maana ya kuficha. Harufu ya uficho haijalitoka hadi leo, na ndiyo maana utani mwingi wa wafumaji unahusu donge la uzi lililoingizwa nyumbani ndani ya mfuko wa mboga ili mume asilione. Juu ya utani huo umejengwa mwingine: kifupisho SABLE, ambacho husomeka kama jina la mnyama wa Siberia mwenye manyoya ya bei kubwa, lakini herufi zake zinasimama badala ya maneno yenye maana ya nyuzi zilizorundikwa kupita umri uliombakia mwenyewe.

Hali hii ni ya watu wenye fedha kidogo ya ziada na maduka yaliyojaa. Uingereza ilipoanza kugawa nguo kwa kuponi, Juni 1941, uzi wa kufumia nao uliingizwa katika kuponi hizo. Wanawake walifumua sweta kuukuu, wakaosha uzi, wakafuma upya. Nani angerundika? Hata kwetu, mama mwenye mashine ya kufumia sweta za shule hununua uzi wa rangi ya shule fulani baada ya kupata oda, na anayefuma vitambaa vya makochi kwa kroshia hununua wa kutosha seti moja. Uzi unaingia na kutoka. Rundo lisilo na oda wala mteja huja pale ufumaji unapokuwa starehe, na starehe hiyo sasa inao Waswahili wake pia, hasa walio kwenye nchi za baridi.

Tuliiteje basi rundo hilo? Njia ya mkato ni kulitohoa neno lenyewe, tupate stashi. Utohoaji umetupatia maneno mengi mazuri, lakini hufaa zaidi pale kitu chenyewe kinapokuwa kigeni, na kuweka kitu pembeni kwa ajili ya baadaye si jambo geni kwa Mswahili. Stoki ni mali ya mwenye duka, iliyowekwa ili iuzwe. Stoo ni mahali, si vilivyomo. Lundo na rundo vinaeleza umbo tu: hata takataka ni lundo.

Neno linalokuja haraka mdomoni ni akiba, na anayesema akiba ya nyuzi ataeleweka na kila mtu. Hata hivyo nalipinga. Akiba ni kitu cha kujikinga na siku mbaya, na sifa yake kubwa ni kutoguswa. Mtu anayesifiwa kwa akiba ni yule aliyejizuia. Ukimwambia mfumaji kwamba kabati lake ni akiba, umempa ruhusa ya kuendelea kujaza. Tena tuna methali kwamba akiba haiozi. Ya fedha labda, lakini sufu ina adui yake. Nondo wa nguo hutaga mayai kwenye sufu, na ingawa nondo mwenyewe hali kitu, mabuu yake hula keratini, ile protini iliyo pia katika nywele na kucha. Sanduku lililofungwa mwaka mzima bila kukaguliwa linaweza kufunguliwa likakutwa na nyuzi zilizokatikakatika. Akriliki na pamba havina keratini, kwa hiyo husalimika isipokuwa vikiwa vichafu, ila navyo hupitwa na jambo lingine: ladha ya mwenye navyo. Uzi wa zambarau uliomvutia mtu miaka kumi iliyopita leo huenda asitake hata kuugusa.

Napendekeza limbiko. Kulimbika ni kuweka kitu kikusanyike au kikomae kabla ya kukitumia: tunda huachwa mtini liive, maji huachwa kisimani yajae ndipo yatekwe. Kitenzi hiki kina subira ndani yake, lakini ni subira yenye mwisho. Hakuna anayelimbika maji ya kisima ili yasitekwe. Limbiko la nyuzi, basi, ni nyuzi zilizowekwa zingoje kazi yake. Ngeli yake ni ya li- na ya-: limbiko langu limepungua, malimbiko yao yanatisha.

Sababu ya pili ya kulichagua ni kwamba lina mwenzake. Kiswahili kina jozi za vitenzi ambapo -ika hutenda na -ua hutendua: funika na funua, bandika na bandua, anika na anua. Limbika nacho kina limbua. Kulimbua ni kuonja mazao ya kwanza ya msimu au kukitumia kitu kwa mara ya kwanza, na wasomaji wa Biblia wanaijua familia hiyo kupitia malimbuko. Wafumaji wa Kiingereza wana istilahi ya pili kwa zoezi la kufuma kutoka katika nyuzi walizo nazo badala ya kukimbilia dukani, na picha iliyo ndani yake ni ya kupasua, kama mtu anayebomoa ukuta. Sisi tuseme kulimbua limbiko. Najua kamusi inaishia kwenye kuonja tu, na mtu atauliza kama mlaji wa mavuno yote bado analimbua. Lakini kupanua maana ni mojawapo ya njia za kawaida za kuunda istilahi, na upanuzi huu hauvunji mfupa: anayefungua sanduku la miaka mitano na kufuma uzi ambao haujawahi kuguswa analimbua hasa.

Neno la tatu la ukoo huo ndilo lenye makali. Limbikiza ni kulimbika kwa kuzidisha, na nomino yake, malimbikizo, tayari imeshika kazi nyingine. Mtumishi wa serikali wa Tanzania akisikia malimbikizo hafikirii hazina. Anafikiria mshahara ambao hajalipwa, deni lililokua mwezi baada ya mwezi. Ndiyo maana limbiko lisichanganywe na malimbikizo. Limbiko linakungojea, malimbikizo yanakudai. Mfumaji ambaye kabati lake limeanza kumpa lawama kila anapolifungua amevuka kutoka la kwanza kwenda la pili, na Kiswahili kinaweza kumwonyesha mpaka huo kwa silabi mbili. Kile kifupisho cha utani nacho tukitafsiri hivyo: malimbikizo yaliyozidi umri.

Mpaka huo unapimika kwa hesabu ndogo. Tuseme mtu ana kilo 20 za uzi wa unene wa wastani, ambao donge la gramu 100 lina mita 220. Hayo ni madonge 200, yaani mita 44,000. Sweta moja ya mtu mzima ikila mita 1,100, kabati lake lina sweta 40. Akifuma sweta 6 kwa mwaka, atamaliza baada ya miaka 6 na miezi 8, mradi asinunue chochote. Akinunua donge moja tu kila mwezi, anaongeza mita 2,640 kwa mwaka huku akitumia mita 6,600. Limbiko linapungua kwa mita 3,960 tu, na sasa atahitaji zaidi ya miaka 11. Donge moja kwa mwezi, ambalo hakuna atakayeliita ubadhirifu, limeongeza miaka 4 na ushee. Kwa hiyo anayetaka limbiko lishuke asitegemee kasi ya mikono yake. Mlango wa kuingilia ndio unaoamua.

Wengi huufunga mlango huo kabisa kwa kujiwekea mwiko. Mwaka 2007 kundi la wafumaji, wengi wao wa Marekani, lilijifunga kutonunua uzi kwa miezi 9, lakini kanuni zao zilikuja na misamaha, na mmojawapo ni kwamba uzi wa soksi hauhesabiwi. Anayejua wafumaji atacheka, maana uzi wa soksi ndio unaonunuliwa kirahisi kuliko wote: donge moja la gramu 100, lenye mita kama 400, linatosha jozi nzima. Mwiko wenye dirisha la ukubwa huo unafundisha kwamba kukataza peke yake hakutoshi. Lazima mtu ajue pia anakubali nini.

Hapa ndipo inapoingia ile nusu ya pili ya jambo, kununua kwa kusudi. Kusudi ni neno lenye faida ya pekee kwetu kwa sababu ni nomino na pia ni kiunganishi. Anayesema nimenunua uzi huu kusudi analazimika kuendelea: kusudi nimfumie mtoto kofia, kusudi nimalizie mikono ya lile sweta. Sentensi isiyomalizika ni uzi usionunuliwa. Kusudi kamili lina mambo matatu: kitakachofumwa, mita zinazohitajika, na lini kitaanza. La tatu ndilo linalosahaulika, na bila hilo kila donge lina kusudi siku ya kununuliwa, halafu linalala. Kipimo hiki hakimnyimi mtu uzi mzuri. Kinamnyima udhuru tu.

Kulimbua nako kuna utaratibu wake. Kwanza ni mizani. Donge lililobaki nusu hupimwa, na urefu wake hupatikana kwa hesabu: kama lebo inasema gramu 100 ni mita 220, gramu 35 ni mita 77. Lebo ikipotea, uzi huzungushwa kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanana, na idadi yake katika inchi moja huonyesha unene. Kujua umetengenezwa kwa nini, ncha yake huchomwa mahali salama. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, pamba hunuka kama karatasi, akriliki huyeyuka na kuacha kipande kigumu. Madonge mawili ya rangi moja nayo yaangaliwe namba ya lebo inayoonyesha kama yalitiwa rangi pamoja. Yasipolingana, yafumwe kwa kupokezana mstari kwa mstari, tofauti isionekane kama kiraka.

Uzi mwembamba usio na kazi unaweza kushikwa mara mbili: nyuzi mbili za soksi zikifumwa pamoja hutoa unene unaokaribia ule wa sweta nyepesi. Na mabaki yenye rangi zisizopatana yana mtetezi mkubwa, Kaffe Fassett, mzaliwa wa San Francisco aliyehamia Uingereza mwaka 1964. Katika kitabu chake Glorious Knitting cha 1985 na kazi zilizokifuata, makoti na fulana zake hubeba rangi nyingi katika kazi moja, kiasi kwamba uzi mmoja ukiisha mahali pake huchukuliwa na mwingine wa jamii hiyo bila mtu kugundua. Kwake mabaki hayakuwa tatizo la kuondolewa. Yalikuwa sanduku la rangi la mchoraji.

Kabla ya hayo yote kuna viporo. Kazi iliyoachwa katikati, nyuma ya sweta bila mikono, soksi ya mguu mmoja, ina jina lake la mzaha kwa Kiingereza, lakini kiporo kinatosha na kuzidi. Kiporo cha wali hupashwa moto au humwagwa, na mechi ya kiporo lazima ichezwe ligi iishe. Cha uzi kadhalika: kimaliziwe au kifumuliwe. Kwa kufumua, Kiingereza kimelazimika kuazima chura, kwa kuwa amri ya kukiraruararua kitambaa kwa lugha hiyo husikika kama mlio wake. Kiswahili hakikuhitaji chura. Fuma, fumua. Uzi unaofumuliwa hurudi kwenye limbiko ukiwa na mita zake zilezile, na mara nyingi ni uzi mzuri kuliko wote, maana uliwahi kumshawishi mtu aanze kazi.

Lengo la kulimbua si kabati tupu. Mfumaji asiye na limbiko hawezi kuanza kofia usiku wa mvua duka likiwa limefungwa, wala kulinganisha rangi tano mezani kabla ya kuchagua. Limbiko la kiasi ni lile ambalo mwenyewe anaweza kulifuma katika muda anaoweza kuupangia, labda mwaka mmoja, labda miwili, kwa kasi yake halisi na si ile anayoitamani. Kilichozidi hapo kina watu wake: shule zenye somo la ufumaji, vikundi vya akina mama, rafiki anayejifunza. Kuwapa ni kulimbua pia, ingawa mikono ni ya mwingine. Na kwa mhariri wa kamusi atakayefika hapa, vidahizo ni vitatu: limbiko kwa nyuzi zinazongoja, kulimbua kwa kuzitumia, malimbikizo kwa zile ambazo zimeacha kumngojea mwenyewe na zimeanza kumdai.