Waranti imekuletea simu ya refurb badala ya mpya? Soma hii kabla useme ndio

Ulinunua simu mpya, karatasi ya plastiki ukaitoa mwenyewe. Miezi michache baadaye ikaanza vituko: skrini inawaka ikizima, chaji haiingii, ama inajizima ukiwa katikati ya story. Ukaipeleka dukani na risiti yako, wakakuambia ungoje. Sasa wamekupigia: "Simu yako haitengenezeki, lakini tuko na nyingine ya kukupea." Unafika, unapata ni refurb.

Hapo kaunta ndipo wasee wengi huchezwa. Si lazima duka liwe la wakora. Shida ni kuwa una haraka, kazi imelala wiki mbili, na mtu amekusukumia fomu ya kusaini. Ukisaini bila kuuliza, kurudi nyuma ni ngumu. Basi hii ndio rada yote, kutoka maana ya refurb hadi mahali pa kwenda ukinyimwa haki yako.

Refurb ni nini hasa?

Refurb ni simu iliyorudishwa kwa kampuni, ikakaguliwa, ikabadilishwa kilichoharibika na ikapimwa tena kabla ya kutolewa. Inaweza kuwa ilirudishwa na mteja baada ya siku tatu, ama ilitumika mwaka mzima. Kwa nje zote zinang'aa sawa.

Usichanganye hiyo na "ex-UK" ya mtaa. Ex-UK ni neno la biashara tu, na halikuambii nani aliifungua wala aliweka betri gani. Refurb ya kampuni iliyounda simu na refurb ya fundi wa ghorofa ya tatu hapo Luthuli ni vitu viwili tofauti. Kwa hivyo swali lako la kwanza kaunta ni: "Nani aliirekebisha hii simu?" Wakishindwa kujibu, hilo pia ni jibu.

Sheria inasema nini?

Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, habari unayohitaji ili ufaidike nazo, na fidia ukipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 inaongeza kuwa anayekuuzia kitu anahesabiwa amekuhakikishia kina ubora wa kuridhisha, hata kama hakusema hivyo kwa mdomo.

Kuna pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ile ya zamani, na ndani yake kuna mtego mmoja wa kukumbuka: muda. Ukikaa na kitu kibovu kwa kipindi kirefu bila kulalamika, unahesabiwa umekikubali. Baada ya hapo unaweza kudai fidia, lakini kukirudisha na kudai pesa zote inakuwa kibarua. Simu ikianza kusumbua wiki ya kwanza, usingoje mwisho wa mwezi. Peleka siku hiyo hiyo, na uandikiwe tarehe.

Halafu soma ile karatasi ya waranti. Kampuni nyingi zimeandika mapema kuwa zinaweza kutumia vipuri vilivyotumika. Ya Apple, kwa mfano, inasema wazi kuwa wanaweza kukupea kifaa chenye vipuri vilivyowahi kutumika mradi vimepimwa. Lakini pia inasema kifaa hicho kinabeba waranti iliyobaki ama siku 90, yoyote iliyo refu zaidi. Tumia hiyo kama kipimo hata kama simu yako ni ya kampuni nyingine.

Huko nje wengine wamepigania hii kitu

Usidhani kulalamika ni ushamba. Denmark, mteja mmoja alipewa iPhone 4 ya refurb badala ya ile yake mpya iliyoharibika. Akaenda kortini, na Desemba 2016 korti ikaamua upande wake. Australia, 2018, Apple iliahidi kuwa kama kifaa kina kasoro kubwa na mteja anaomba kipya, atapewa kipya. Marekani nako, Apple ilikubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya wateja waliosema walipewa refurb ilhali walilipia mpango wa ulinzi wakiamini watapata vifaa sawa na vipya.

Hizo kesi hazifungi korti za Kenya. Zinakuonyesha tu kuwa swali lako si la ujinga.

Lakini mpya pia si dawa ya kila kitu. Mnakumbuka Galaxy Note 7 ya 2016? Samsung iliziita zirudishwe kwa sababu ya betri kushika moto, wakapea watu zingine, na hizo zingine pia zikawaka. Oktoba mwaka huo simu ikauawa kabisa. Mwaka uliofuata wakauza Korea Kusini toleo lililoundwa na vipuri vya Note 7, likiwa na betri ndogo zaidi, 3,200 mAh badala ya 3,500. Hilo ndilo lilikuwa salama. Kama ugonjwa ni wa muundo wa simu yenyewe, kupewa mpya ya aina ile ile ni kurudishiwa shida ndani ya boksi safi. Hapo omba modeli tofauti ama doo zako.

Kubali ama kataa?

Piga hesabu ya muda uliotumia simu. Sema uliinunua 30,000 na waranti ni miezi 12.

Kama imeharibika ndani ya wiki mbili au tatu, kataa refurb. Ulilipia mpya na hujaitumia. Dai mpya ama pesa zako, na usione haya.

Kama ni mwezi wa nne au wa tano, hapo ni pa kujadiliana. Refurb ya kampuni, yenye betri mpya na waranti isiyopungua ile uliyobaki nayo, si mbaya. Unaweza pia kuomba kitu juu yake: waranti iongezwe miezi mitatu, ama chaja mpya.

Kama ni mwezi wa 11, mara nyingi refurb ni bahati. Simu yako ilikuwa imekunwa na betri imechoka. Ukipewa iliyokaguliwa na kubadilishwa betri, umetoka mbele. Kupigana wiki sita zaidi ukidai mpya kunaweza kukugharimu kuliko tofauti ya bei, hasa kama simu ndio kazi: unabeba wateja na app, ama unauza nguo kwa status.

Na kataa bila kujali mwezi kama: hawataki kuandika popote kuwa ni refurb, ni modeli ya chini kuliko yako, ina storeji ndogo, ama wanataka uongeze pesa ili "wakuchagulie nzuri".

Ipime hapo hapo kaunta

Usiibebe hadi kejani ndio uanze kuangalia. Chukua dakika 15, hata kama foleni nyuma yako inakohoa.

1. Bonyeza *#06#. IMEI inayotokea ifanane na ya boksi na ya fomu. Kisha tuma hiyo namba kwa 1555, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano, uone kama inatambulika na kama modeli ni hiyo. Usichukulie poa: Septemba 2012 ilipoisha, simu feki zilizimwa kwa mitandao yote nchini.

2. Iwashe kutoka mwanzo. Ikiuliza akaunti ya Google ama Apple ya mtu usiyemjua, irudishe. Imefungwa na mwenyewe wa kwanza.

3. Kwa iPhone, ingia mipangilio uangalie afya ya betri, kisha sehemu ya kuhusu simu. Namba ya modeli ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya, F ni refurb, na N ni iliyotolewa kubadilishia mteja. Modeli za karibuni pia zinaonyesha kama betri ama skrini imewahi kubadilishwa.

4. Kwa Samsung nyingi, *#0*# inafungua ukurasa wa vipimo. Jaribu rangi za skrini, mguso kila kona, spika na kamera.

5. Weka laini yako na upige simu. Ongea, sikiliza, weka spika. Chomeka chaja uone inaingia. Jaribu Wi-Fi, alama ya kidole na kamera zote.

Mambo ya kuandikwa

Neno la mdomo hupotea mhudumu akibadilisha job. Dai karatasi yenye IMEI ya zamani, IMEI mpya, neno refurb, tarehe, muda wa waranti na muhuri wa duka. IMEI ni ya muhimu sana: simu ikiibiwa kesho, ama ukisimamishwa uulizwe ni ya nani, risiti yenye namba ya simu nyingine haitakusaidia.

Kama ulichukua simu kwa lipa mdogo mdogo, simama kwanza. Mkopo wako umeunganishwa na kile kifaa cha kwanza. Ongea na waliokukopesha kabla ya kubadilisha, wahamishe mkopo kwa IMEI mpya, na uhakikishe malipo uliyolipa tayari yamehesabiwa. La sivyo utalipia simu usiyo nayo.

Na ile simu mbovu unayoacha? Kama bado inawaka, hamisha picha na namba, toka kwa akaunti zote, futa kila kitu na utoe laini na memori kadi. Kama imekufa kabisa, ingia akaunti zako kwa simu nyingine uitoe kwenye orodha, na ubadilishe nywila ya app za benki. Hiyo simu inaweza kuwa refurb ya mtu mwingine mwezi ujao.

Ukitaka kukataa, sema hivi

Kelele haisaidii. Mhudumu wa kaunta mara nyingi hana uwezo wa kuamua, na ukimtukana atakuweka mwisho wa foleni. Jaribu hivi: "Boss, nashukuru kwa kunitafutia. Lakini nilinunua simu mpya tarehe fulani, na hii si mpya. Naomba mpya ama refund. Kama haiwezekani, naomba mniandikie sababu, na nione meneja." Lile neno "mniandikie" hubadilisha hali ya hewa haraka sana.

Wakikataa, andika barua pepe kwa duka na kwa kampuni iliyounda simu, uweke risiti na picha, na uwape siku kadhaa, tuseme 14. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo pia hushughulikia haki za walaji. Bado? Kuna Korti ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Kitu kimoja kinachoweza kukuangusha kote huko: kama simu ilifunguliwa na fundi wa mtaani kabla uipeleke dukani, ama imeingia maji, watakuambia waranti ilikufa. Simu ikiwa chini ya waranti, mwache fundi wako apumzike. Na ile risiti, ipige picha leo ujitumie kwa email, kwa sababu wino wa risiti za duka hufifia kabla waranti iishe.