Ifahamu Sheria: Amri ya Malezi ya Mtoto Inaweza Kubadilishwa na Mahakama

Mzazi anayeishi Sitalike, takriban kilomita 35 kusini mwa mji wa Mpanda mkoani Katavi, anaweza kupewa na mahakama haki ya kukaa na mtoto, kisha hali ikabadilika: akahamia mkoa mwingine kikazi, akaugua, au mtoto akaanza shule mbali na nyumbani. Sheria imeweka utaratibu wa kushughulikia mabadiliko hayo bila mtoto kugeuzwa kitu cha kugombaniwa.

Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kubadilisha au kufuta amri ya malezi au matunzo wakati wowote, kwa maombi ya mtu mwenye maslahi. Mwombaji anatakiwa kuthibitisha kuwa amri ilitokana na taarifa zisizo sahihi au makosa kuhusu ukweli wa jambo, ama kwamba mazingira yamebadilika kwa kiasi kikubwa.

Katika kuamua, ustawi wa mtoto ndio unaotangulia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaelekeza mahakama kuzingatia umri wa mtoto, maoni yake iwapo ameyatoa kwa uhuru, umuhimu wa ndugu kukaa pamoja na haja ya malezi yasiyokatizwa. Mahakama inaweza pia kuagiza taarifa ya uchunguzi kutoka kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Wapo wananchi wanaoamini kuwa mtoto akitimiza miaka saba huhamia kwa baba moja kwa moja. Sheria haisemi hivyo. Dhana iliyopo ni kwamba ni vyema mtoto wa chini ya miaka saba kukaa na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kutimiza umri huo peke yake hakuhamishi malezi. Amri iliyopo huendelea hadi mahakama itakapoamua vinginevyo.

Mzazi asiyekaa na mtoto anaweza kuomba haki ya kumtembelea au kukaa naye kwa vipindi, ikiwemo wakati wa likizo. Ratiba hiyo nayo inaweza kurekebishwa, kwa mfano umbali kati ya wazazi unapoongezeka.

Kwa kawaida, maombi ya mabadiliko hupelekwa katika mahakama iliyotoa amri. Mwombaji anashauriwa kuwa na nakala ya amri hiyo, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na vielelezo vya mabadiliko anayodai. Tangu mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo mwananchi anaweza kujieleza kwa lugha anayoifahamu.

Wakati maombi yakisubiri uamuzi, wazazi wote wanapaswa kuheshimu amri iliyopo. Kumchukua mtoto kinyume cha sheria kutoka kwa mwenye haki ya kukaa naye ni jambo lililokatazwa na Sheria ya Mtoto, hata kama anayemchukua ni mzazi wake.