Kamba ya Fremont: GM ilipofundishwa na Toyota

Leo naweka tarakilishi kando kidogo tuongee magari, ingawa mwishoni mtaona bado niko kazini kwangu pale pale.

Ofisini tuna ubao uliojaa vikaratasi vya rangi: kazi zinazosubiri, zinazoendelea, zilizokwisha. Tunauita kanban. Nilipokuwa chuoni nilidhani ni uvumbuzi wa sisi wanaprogramu. Kumbe umetoka katika viwanda vya Toyota huko Japani, ambako Taiichi Ohno alitumia kadi ili kila kipuri kitengenezwe pale tu kinapohitajika. Nikazidi kuchimba historia hiyo, nikajikuta Marekani.

General Motors (GM) iliongoza kwa mauzo ya magari duniani tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Lakini kiwanda chake cha Fremont, California, kilikuwa na sifa mbaya. Siku nyingine mfanyakazi mmoja kati ya watano hakuonekana kazini. Na kulikuwa na amri moja: laini isisimame. Gari likiwa na kasoro, liache lipite, litarekebishwa huko mbele. Mwaka 1982 GM ikakifunga.

Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa jina NUMMI, ubia wa GM na Toyota. Toyota ilitaka kujifunza kufanya kazi na Wamarekani. GM ilitaka kujua gari dogo linaundwaje kwa faida. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao kile kile, UAW. Mamia walipelekwa Japani kufunzwa. Kipya kilikuwa kamba iliyoning'inia kando ya laini. Yeyote akiona kasoro, avute. Kiongozi wa kikundi anakuja mbio, na tatizo lisipoisha upesi, laini inasimama.

Basi tazameni matokeo. Watafiti wa chuo cha MIT walilinganisha viwanda vitatu. Kiwanda cha GM cha Framingham kilitumia saa 31 kuunganisha gari moja. Takaoka, cha Toyota kule Japani, saa 16. NUMMI, saa 19. Kwa kasoro, NUMMI ilitoshana na Takaoka: 45 kwa kila magari 100. Haya yote wakati GM ilikuwa ikimwaga mabilioni ya dola kununua roboti katika viwanda vyake vingine.

Kwa hiyo siri ilikuwa nyumbani kwa GM tangu 1984. Mbona basi mwaka 2005 ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 10, huku Toyota ikivuna faida? Mbona 2008 Toyota ikaipita kwa mauzo, na tarehe 1 Juni 2009 GM ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika?

Tusiwaonee. GM ilibeba mzigo mzito wa matibabu na pensheni za wastaafu, na 2008 uchumi uliporomoka. Lakini walipojaribu kupeleka mbinu za NUMMI Van Nuys, California, mambo hayakushika. Mameneja walikuwa wamezoea kupimwa kwa idadi ya magari yaliyotoka, kwa hiyo mtu wa kusimamisha laini alionekana mkorofi. Kamba inanunuliwa. Ruhusa ya kuivuta hainunuliwi.

Hata Toyota iliteleza. Mwaka 2010, baada ya kuita mamilioni ya magari yenye kasoro, rais wake Akio Toyoda aliliambia bunge la Marekani kwamba huenda kampuni ilikua haraka mno. Mwaka huo huo NUMMI ikafungwa. Leo Tesla inaunda magari mle mle.

Sasa kilichonichoma. Juzi tulitoa programu ya mteja siku ya Ijumaa. Jumatatu ankara zilikuwa na hesabu mbovu. Mwanafunzi aliye kwetu kwa mafunzo ya kazi aliiona hitilafu tangu Alhamisi, akanyamaza. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu polepole, "Kaka, si ulisema Ijumaa hakuna kuchelewa?"

Ni kweli, nilisema. Ubao wa Toyota tunao ukutani, lakini kamba nilikuwa nimeikata mwenyewe.

Je, kwenu nani anaruhusiwa kuivuta? Tuonane wiki ijayo.