Kutoka Posho ya Mpagazi hadi Kadi ya Kaya: Magonjwa ya Mlipuko na Mifuko ya Tiba Mkoani Tabora, 1857–2023

1.0 Utangulizi

Mwaka 1996 Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kufanyiwa majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka, ikapewa kadi, na kwa kadi hiyo wanakaya wakatibiwa bila kulipa papo kwa papo. Maandishi mengi kuhusu bima ya afya vijijini huanzia hapo. Makala haya yanarudi nyuma zaidi, hadi kwenye njia ya misafara iliyoipa Tabora umaarufu wake, ili kuchunguza jinsi utaratibu wa kuchangiana gharama za maradhi ulivyobadilika kila ulipozuka ugonjwa wa kuenea.

Hoja kuu ni kwamba mfuko wa kuchangiana hujengwa juu ya dhana kuwa kwa wakati mmoja wataugua wachache ilhali wengi watakuwa wazima. Mlipuko huivunja dhana hiyo. Kwa sababu hiyo, mkoani Tabora mfuko haukuukabili mlipuko hasa kwa kupanua mafao yake. Mlipuko uliwekwa nje ya mfuko na kubebwa na mkono mwingine. Swali la kihistoria ni huo ulikuwa mkono wa nani, na ni kitu gani kiliangukia katikati ya mikono hiyo miwili.

2.0 Kambi, Utani na Ndui

Burton na Speke walipofika Kazeh, katika Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, njia kutoka pwani hadi Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji ilikuwa tayari imezoeleka. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya takribani frasila mbili kwa mwendo wa kilomita zipatazo 800 kutoka Bagamoyo. Ujira wao ulikuwa nguo na bidhaa nyingine, na njiani walipewa posho. Mapatano hayo yalihusu mzigo kufika. Mtu aliyeubeba akiugua, tajiri alichotafuta kwanza ni bega jingine.

Hata hivyo, wapagazi hawakuwa watu wasio na kinga. Stephen Rockel, katika utafiti wake wa mwaka 2006 kuhusu wapagazi, anaonesha kwamba walijigawa katika makundi madogo ya kambi, wakapika na kula pamoja. Utani nao, mathalani baina ya Wanyamwezi na Wazaramo, ulimpa mgeni haki ya kupokewa, kusaidiwa na hata kuzikwa na watu wasio wa ukoo wake. Msemo usemao mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi haukuwa na nafasi katika kambi, kwa kuwa mzigo wa mgonjwa uligeuka kuwa wa wenzake siku ileile. Kwa lugha ya leo, kambi na utani vilikuwa bima: kila mmoja alitoa akiwa mzima ili apate akiwa mgonjwa.

Bima hiyo ilikuwa na kikomo. Burton aliandika habari za misafara iliyopigwa na ndui, na za wapagazi walioachwa kando ya njia. Tendo hilo limesomwa mara nyingi kama ukatili wa misafara. Usomaji huo una ukweli, lakini haueleze kwa nini watu waliokuwa wakibebana kwa homa na vidonda walishindwa kubebana kwa ndui. Jibu limo katika hesabu. Kambi ya watu wanane inaweza kumbeba mgonjwa mmoja, lakini wakiugua watano hakuna wa kubeba wala wa kubebwa. Tena ndui ilimfanya msaidizi mwenyewe kuwa majeruhi wa pili. Mfuko ulifilisika mahali ulipohitajiwa zaidi, na hapakuwa na mkono wa nje wa kuupokea mzigo.

3.0 Dola Yaingia, na Kudai Malipo Yake

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi katika njia ile kuu ikafifia. Chini ya Waingereza, ugonjwa uliosumbua zaidi nyika za magharibi ulikuwa malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali iliwahamisha watu kutoka misituni na kuwakusanya katika makazi maalumu ili kuwaepusha na mbung'o. Gharama za mapambano hayo zilibebwa na dola, hivyo mkono wa nje ukawa umepatikana. Lakini wananchi nao walilipa kwa njia nyingine: waliacha mashamba, mizinga ya nyuki na makaburi ya wazee wao. Tiba isiyotozwa fedha si lazima iwe tiba isiyo na gharama.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, tiba katika vituo vya serikali ilitolewa bila malipo. Sera hiyo ilidumu hadi mwaka 1993, pale msukosuko wa uchumi ulipoleta uchangiaji wa gharama. Sera mpya iliambatana na misamaha ya malipo kwa wajawazito, watoto wadogo, wasio na uwezo na wagonjwa wa maradhi kadhaa, yakiwemo ya mlipuko kama kipindupindu. Kwa hiyo mlipuko ulikuwa umeshawekwa kando kisera kabla Igunga haijatoa kadi yake ya kwanza.

4.0 Igunga na Hesabu ya Tele kwa Tele

Mfuko wa Igunga ulitegemea nguzo mbili. Ya kwanza ni mchango wa kaya, ambao katika nchi ya pamba hulipika kwa urahisi baada ya mavuno. Ya pili ni ruzuku ya serikali iliyojulikana kwa jina la tele kwa tele: kila shilingi iliyochangwa na wananchi iliongezewa nyingine. Mwaka 2001 Bunge lilipitisha Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, na utaratibu wa Igunga ukaenea nchini. Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kuwahudumia watumishi wa umma, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara uliogawanywa sawa baina ya mwajiri na mwajiriwa.

Tele kwa tele ilikuwa kichocheo kizuri katika mwaka wa neema. Katika mwaka wa dhiki iligeuka kuwa udhaifu, kwa kuwa mchango ukipungua ruzuku nayo hupungua. Mtumishi wa umma hukatwa mchango wake kila mwezi, ilhali mkulima huchanga kutokana na mavuno yaleyale yanayoyumba. Mfuko wa mkulima, kwa umbo lake, ulielekea kukauka pande zote mbili katika msimu ambao maradhi na ukosefu wa kipato huja pamoja. Maboresho ya mwaka 2018, yaliyoweka shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita na kufikisha huduma hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Kitete kwa Tabora, yalipanua mafao. Hata hivyo, mchango uliendelea kutoka katika mfuko wa mkulima.

5.0 UVIKO-19: Mlipuko Nje ya Kadi

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Takwimu zilikoma kutangazwa baada ya tarehe 29 Aprili, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Kimya hicho kina uzito katika historia ya bima. Kwa mantiki ya sera, msamaha wa malipo hutegemea ugonjwa kutambuliwa rasmi, na mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautajwi hubaki na kadi yake, au na fedha yake taslimu.

Mwelekeo ulibadilika mwaka 2021. Tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo, iliyotolewa bila malipo kwa mwenye kadi na asiye na kadi. Oktoba mwaka huo ukazinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3, mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ulioelekezwa kwenye madarasa, maji, vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni. Fedha hizo hazikutoka katika michango ya wanachama. Mlipuko ulibebwa tena na mkono wa nje, na safari hii mkono huo ulikuwa umekopa.

Kilichoangukia katikati ni kile ambacho kadi haikukigusa wala mkopo haukukifikia moja kwa moja: nauli ya kumtoa mgonjwa kijijini Igunga kupitia Nzega hadi Kitete, chakula cha anayemuuguza, na siku za palizi zilizopotea. Hapo kaya ilirudi kwa ndugu, majirani na vikundi vya kuzikana, warithi wa kambi na utani.

6.0 Hitimisho

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ilipitishwa katika nchi ambayo takribani asilimia 15 tu ya wananchi walikuwa wakitajwa kuwa na bima ya aina yoyote. Sheria hiyo imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo kwa kutumia vyanzo vya kodi, na kwa hatua hiyo mkono wa nje umeanza kuingizwa ndani ya mfumo wa bima badala ya kungojewa nje yake. Historia ya Tabora inaonesha umuhimu wa hatua hiyo. Wapagazi walioachwa njiani hawakukosa wenzao wenye huruma. Walikosa akiba iliyo kubwa kuliko kambi yao, iliyowekwa kabla ndui haijafika.